Kifo cha Pili cha Namba 061

Mashine iitwayo Jumla iliwataja wafu ishirini na watatu wa Isangala saa tatu asubuhi, na muda huohuo bangili zao zote zilikuwa zinatuma mapigo ya moyo.

Subilaga Mwaikuka aliweka kikombe chake cha chai mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alikuwa mtakwimu mkuu wa Taasisi ya Mjumuisho, jengo refu lililokaa kilimani juu ya mji wa Mbeya, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuiona mashine ikimwita mtu marehemu huku ikimhesabia mapigo. Upande wa kushoto wa skrini vidoti mia moja na arobaini vilipepesa kijani, kila kimoja moyo wa mtu. Upande wa kulia kulikuwa na orodha: namba ya mshiriki, uwezekano wa kifo, tarehe.

"Umechoka wewe," aliiambia mashine kwa sauti ndogo. Watu wa taasisi ile walikuwa na tabia ya kuongea na Jumla, ingawa haikuwa na masikio wala haja ya kubembelezwa.

Akaandika: Kwa nini? Jumla ikamjibu inavyojibu siku zote, kwa michoro.

Ilikuwa imepewa tafiti thelathini na moja za dawa moja. Dawa yenyewe iliitwa Tulizo, ya ugonjwa wa moyo mpana ulioachwa nchini na ile homa kubwa, na kila mgonjwa aliipata kupitia bangili iliyomnyweshea ngozi matone madogo mchana na usiku. Shida ya tafiti hizo ilikuwa ya kawaida: hakuna uliopima kila kitu. Utafiti wa Tanga ulihesabu vifo na mapigo, ukasahau usingizi. Wa Singida ulipima usingizi na nguvu ya kiganja, habari za vifo haukuuliza. Wa Isangala, huko juu kwenye baridi, ulipima mapigo, usingizi, kiganja na hatua za miguu, na kwenye safu ya vifo ukaandika sifuri, kwa maana bangili ikipiga mtu yu hai, na bangili zote zilikuwa zinapiga.

Zamani wataalamu wangelichukua kila tokeo peke yake, wakajumlisha vifo na vifo, usingizi na usingizi, wakaenda zao nyumbani. Jumla haikukubali uvivu huo. Ilijua kwamba usingizi, kiganja, hatua na mapigo huenda pamoja; kimoja kikilegea, vingine haviwezi kujifanya havijui. Ilianza na dhana ya awali, yaani kile inachoamini kabla ya kuona chochote, kisha kila takwimu mpya ikaisukuma dhana hiyo kidogo huku au kule. Utafiti ulipoacha pengo, iliazima nguvu kwa tafiti nyingine ikalijaza, na ikasema waziwazi ina uhakika kiasi gani.

Sasa ilikuwa imejaza vifo vya Isangala, na haikuweka sifuri.

Subilaga alifungua mchoro wa mshiriki wa kwanza kwenye orodha. Mapigo yalikuwa yakilegea wiki baada ya wiki, kiganja nacho, usingizi nao, vyote kwa pamoja. Kisha siku tisa za kimya. Makarani wa uwandani waliandika hapo "hakuna mtandao", jambo ambalo huko milimani halimshangazi mtu. Siku ya kumi bangili ikarudi, na mzee wa miaka sabini na mbili akawa na kiganja cha mpasua mbao na usingizi wa kijana. Akafungua wa pili. Kulegea, kimya cha siku tisa, nguvu mpya. Wa tatu hivyohivyo. Ndio hao waliofanya utafiti wa Isangala usifiwe kwenye mikutano, wazee waliofufuka. Lakini katika tafiti nyingine thelathini hakuna hata mgonjwa mmoja aliyepona kwa namna hiyo. Waliopona walipanda ngazi kwa ngazi, mapigo yakitangulia na kiganja kikifuata. Hawa waliondoka chini wakaonekana juu ya paa, bila mtu kuwaona kwenye ngazi.

Jumla ilikuwa inasema jambo moja tu, kwa ustaarabu wake wa tarakimu: mwili ulionyamaza sio mwili uliorudi.

Aliteremsha orodha kwa kidole. 007. 019. 033. 058. Halafu 061: uwezekano wa kifo, tisini na saba kwa mia, tarehe, 9 Juni, alasiri.

Aligeuka kuangalia kama mlango umefungwa. Tisa Juni alasiri, miaka miwili iliyopita, alikuwa Isangala ameshika miguu ya baba yake ilipokuwa inapoa. Bangili yake ilikuwa na namba 061.

*

Kwao Isangala mtu haondoki hivihivi. Siku ya tisa, matanga yanapoanuliwa, ukoo huchagua mmoja wao na kumvika marehemu. Humvalisha koti lake, humkalisha kwenye kiti chake, na kuanzia saa hiyo humwita kwa jina lake. Watoto wa marehemu humwamkia kama baba. Jina lake mwenyewe huwekwa kando, na kulitamka mbele yake ni sawa na kumzika marehemu mara ya pili. Hakuna anayethubutu, hata mlevi.

Aliyevikwa Mzee Asegelile Mwaikuka alikuwa Gwakisa, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa na miaka ishirini na minne na bado anacheza mpira jioni. Koti lilimpwaya. Subilaga, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyepewa kazi ya kumvisha vitu vya mkononi, maana ndivyo desturi inavyotaka. Alimvisha saa. Kisha mama akamletea bangili ya dawa, imefungwa ndani ya leso.

"Na hii pia ni yake," mama alisema. "Inamwita jina kila asubuhi. Tusiinyamazishe."

Subilaga akaivisha. Hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyemlazimisha. Mtu ambaye kazi yake ni kunusa kosa kwenye takwimu alimfunga mdogo wake bangili ya maiti kwa vidole vyake mwenyewe, akasoma namba iliyochongwa ubavuni, akaona ni kitu chema. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi bangili ikaamka na sauti yake ya upole: "Mzee Asegelile, umeamkaje?" Gwakisa akatazama huku na huku, akajibu, "Nimeamka salama." Mama akalia kwa furaha jikoni. Subilaga akamwendea mdogo wake, ambaye yeye alimzidi miaka kumi na miwili, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, baba." Siku ile walicheka. Mwezi wa pili hawakucheka tena, lilishakuwa jambo la kweli.

Na mwaka jana, Jumla ilipopokea utafiti wa Isangala, taasisi ilimpa fomu. Je, una ndugu miongoni mwa washiriki? Aliandika Hapana. Baba alikuwa amefariki, na Gwakisa hakuwahi kusajiliwa popote. Zilikuwa kweli mbili, na alikuwa amezifunga pamoja zikawa uongo bila yeye kushtuka.

Nyumba ngapi pale kijijini zilikuwa zimefanya vilevile? Sasa alijua idadi.

*

Profesa Kijazi, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amesimama dirishani akiangalia ukungu ukiufuta mji mtaa kwa mtaa. Ndiye aliyemfundisha Subilaga takwimu, akamwajiri, akamsimamia hata harusi.

"Kaa, binti yangu. Nimeiona orodha yako."

"Si yangu, Profesa. Ni ya Jumla."

"Ya Jumla." Alikaa naye, akavua miwani. "Ijumaa tunasaini. Watu milioni nne wanaisubiri Tulizo. Na wewe unaniletea maiti wenye mapigo ya moyo. Niwaambie nini wizarani, kwamba kompyuta imeota?"

"Tukiruhusu matokeo yategemeane, dawa inaua watu nyanda za juu. Wafu ishirini na watatu kati ya mia na arobaini. Bila dawa tungetarajia tisa."

"Na tukiyatenganisha?"

Alijua atauliza hivyo. Ilikuwa swichi moja tu kwenye mipangilio, kipimo cha uhusiano kati ya matokeo. Ukikiweka sifuri, Jumla husahau kwamba usingizi na kiganja na kifo vinajuana. Kila tokeo hubaki chumbani kwake na mlango umefungwa. Vifo vya Isangala hurudi kuwa sifuri kama vilivyoandikwa, na Tulizo hupita bila hata swali.

"Tukiyatenganisha inapita," alisema.

"Watangulizi wetu walifanya hivyo miaka hamsini. Hakuna atakayetushangaa." Profesa aligeuza miwani mikononi. "Sikiliza, sikufichi. Zuhura wangu halali tena kitandani. Analala amekaa, kwenye kiti, kwa sababu akilala chali moyo unamzamisha. Kule pwani kwao dawa hii imepunguza vifo nusu, na hilo hata Jumla yako inakubali. Nikiisimamisha nchi nzima kwa ajili ya makadirio, tunaanza upya. Miaka miwili. Yeye hana miaka miwili."

Subilaga alimfahamu Bi Zuhura vizuri. Alikuwa amekula kwake wali wa nazi mara nyingi kuliko anavyokumbuka.

"Nionyeshe maiti mmoja," Profesa alisema polepole. "Mmoja wa hakika, si wa kukadiria. Hapo nitasimama mbele ya yeyote. Huna, basi weka sifuri, twende Ijumaa."

Alikuwa naye, huyo maiti wa hakika. Alikuwa naye mdomoni, na akashindwa kumtema. Angefukuzwa kazi kwa ile Hapana ya kwenye fomu, hilo aliliona upesi. Lililomfunga mdomo ni jingine. Kuandika kwamba Mzee Asegelile amekufa ni kumvua Gwakisa, na asubuhi moja mama angesikiliza saa kumi na mbili ipite bila mtu kumwita mumewe.

"Nipe hadi mchana," alisema.

*

Alirudi mezani, akaweka kidole juu ya ile swichi. Akajiambia kwamba wafu wamekwisha kufa. Huwezi kumwokoa baba aliyekaa kaburini miaka miwili, ila Bi Zuhura unaweza. Ilikuwa hoja nzuri, na kwa dakika nzima aliipenda.

Kisha akaona kwamba orodha ina safu ya nne. Asubuhi hakuisogeza skrini kulia vya kutosha.

Jumla ilikuwa haijamaliza. Kwa kuwa iliamini kwamba mwili mwingine umeingia ndani ya namba ileile, iliuanzia mwili huo hesabu yake upya. Safu iliitwa Kifo cha Pili. Namba 007, kumi na nane kwa mia. Namba 033, ishirini na sita. Namba 061, arobaini na moja kwa mia.

Subilaga alifungua mchoro wa mdogo wake. Kijana aliyeingia kwenye bangili na kiganja cha chuma alikuwa ameanza kulegea tangu Januari. Usingizi ulikuwa unakatika, saa saba kwa usiku, kisha tano, kisha nne na nusu. Hatua zilikuwa zinapungua. Mapigo yalikuwa yanachelewa. Vyote kwa pamoja, kwa mpangilio uleule aliouona kwa wazee kabla ya siku tisa za kimya. Dawa ilikuwa imepimwa kwa moyo mpana, mgonjwa, na kwa miaka miwili ilikuwa inautuliza moyo mzima ambao haukuwa na shida yoyote. Iliutuliza kila siku kidogo, na ilikuwa inaendelea.

Alipompigia simu Machi, Gwakisa alisema amechoka tu. Akasema ni umri. Na Subilaga, Mungu amsamehe, aliposikia sauti ile chini ya jina la baba, hakuona ajabu mtu wa miaka ishirini na sita kulalamikia umri.

Alifungua rekodi ya mshiriki 061. Palikuwa na kisanduku cheupe ambacho hakijajazwa na mtu: tarehe ya kifo, iliyothibitishwa. Chini yake, jina la shahidi na uhusiano wake. Akaandika 9 Juni na mwaka wake. Akaandika Subilaga Mwaikuka. Kwenye uhusiano akaandika binti yake, nilikuwepo. Herufi zilikuwa zinaogelea machoni.

Akabonyeza, na Jumla ikafikiri.

Taarifa moja ya kweli ilipita ndani ya mashine, ikigusa kila kilichoshikamana nayo. Sasa Jumla haikukisia tena kimya cha siku tisa kina maana gani. Ilikuwa imeambiwa mara moja, na mara moja ilitosha. Namba zilianza kupanda zenyewe, bila mtu kugusa kitu. Wafu wengine ishirini na wawili wakapanda mmoja mmoja hadi tisini na tisa kwa mia, na vidoti vyao vya kijani vikaendelea kupepesa vilevile.

Safu ya nne nayo ikasogea. Jumla ilikuwa na hakika sasa kwamba ndani ya 061 kuna mtu mwingine, na kadiri ilivyomwamini mtu huyo ndivyo ilivyozidi kumhofia. Arobaini na moja. Hamsini na mbili. Ilisimama kwenye sitini na tatu.

Alituma faili kwa wanakamati wote, si kwa mwenyekiti peke yake, asije akapewa nafasi ya kubadili mawazo. Kisha akachukua funguo za gari na kuteremka ngazi akikimbia, mtakwimu mkuu, viatu mkononi.

*

Barabara ya Isangala ilipanda ndani ya mawingu na haikutoka. Alipiga simu njia nzima. Huko nako, kweli, hapakuwa na mtandao. Alipita nyumba alizozijua tangu utoto na kwenye kila baraza ambapo mtu alikaa amevaa koti lisilomtosha, aliangalia kifundo cha mkono. Kwa mzee Mwakatobe bangili ilikuwa kwa mjukuu, msichana aliyekuwa akipumzika juu ya ndoo ya maji hatua tano kutoka bombani. Msichana alimpungia mkono, na bangili ikametameta.

Nyumbani alimkuta mama jikoni akimenya viazi. Gwakisa alikuwa ukumbini kwenye kiti cha baba, ndani ya koti la baba. Halikumpwaya tena. Lilimkaa vizuri kwa sababu alikuwa amejikunja, mabega yameingia ndani, shingo imejipinda kidogo kushoto kama ya Mzee Asegelile miezi yake ya mwisho. Alikuwa ameegemea na macho yamefumba. Subilaga alisimama mlangoni na kwa pumzi moja hakujua ni yupi kati ya wale wawili anamtazama.

"Umekuja bila kusema," Gwakisa alisema, bila kufumbua macho. Hata kukohoa alikohoa kikohozi cha baba.

"Usiku unalala?"

"Nalala nimekaa. Nikilala chali nazama."

Subilaga alipiga magoti mbele ya kiti, akashika ule mkono. Mama alikuja akasimama nyuma yake, kisu cha viazi bado kiko mkononi.

"Mama, tunaivua hii. Sasa hivi. Inamuua."

"Inamuua nani?" mama aliuliza.

Lilikuwa swali la haki. Jibu lake lilikuwa jina, na jina lilikuwa halitamkiki.

"Daktari aliyeileta alisema isivuliwe," mama aliendelea. "Baba yenu alikubali kwa mdomo wake. Amekaa hapa anakunywa chai yangu, ananijibu asubuhi, na wewe unatoka mjini na karatasi zako kuja kuniambia nini?"

"Nakuja kukuambia alikufa tarehe tisa Juni, mama. Mimi na wewe tulimwosha."

Kisu kilianguka sakafuni na hakuna aliyekiokota.

Bangili hizo hazikuvuliwa kwa nguvu. Ukizikata ziliachia dawa yote iliyobaki kwa mara moja. Kwa maiti zililegea zenyewe ngozi ikishapoa; kwa aliye hai zilifunguka kwa njia moja, mshiriki mwenyewe atamke kwamba anajitoa. Subilaga alibonyeza ubavu wa bangili mara tatu. Ile sauti ya upole, ambayo hakuwahi kuisikia mchana, ikajaa ukumbini.

"Mzee Asegelile, je, unataka kuondoka?"

Kidole cha mama kilienda mdomoni. Gwakisa alifumbua macho, akamtazama dada yake, akamtazama mama yake muda mrefu zaidi. Midomo ilikuwa na weusi. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa: alikuwa anaombwa na mashine afe kifo cha mtu mwingine ili apone chake, na wa kumruhusu alikuwa yule mama aliyesimama na maganda ya viazi mikononi.

"Mzee Asegelile," bangili ilirudia, "je, unataka kuondoka?"

Mama alisogea. Alimwekea mkono kichwani kama alivyomwekea mumewe alasiri ile, na akazungumza na mumewe.

"Nenda tu," alisema. "Umenikalia sana. Nenda, mwachie mtoto."

"Ndiyo," Gwakisa alisema. "Nataka kuondoka."

Bangili ilitoa mlio mwembamba, ikaachia. Ngozi chini yake ilikuwa nyeupe na imenyauka, mviringo wa miaka miwili. "Asante kwa kushiriki, Mzee Asegelile," ilisema kutoka kiganjani mwa Subilaga. "Kwa heri." Kisha ikazima, na ukumbi ukawa kimya kiasi cha kusikia maji ya viazi yakitokota jikoni.

Subilaga alimshika mdogo wake mashavu kwa mikono miwili.

"Gwakisa," alisema. Alilisema tena kwa sauti, ili nyumba isikie. "Gwakisa Mwaikuka. Gwakisa."

Mama alikaa chini sakafuni akalia msiba wa mumewe, kilio kile cha siku ya kwanza, na majirani wakaja mmoja mmoja kuuliza nani amekufa. Subilaga aliwaambia. Kisha akawaomba wakae, asiondoke mtu, kwa sababu alikuwa na nyumba nyingine ishirini na mbili za kwenda, na kwa mzee Mwakatobe alitaka kwenda kwanza.

*

Aliamka kabla ya mapambazuko, juu ya mkeka ukumbini, mwili ukimuuma. Kwenye simu mtandao ulikuwa umepita wakati wa usiku na kumwachia ujumbe mmoja wa Profesa Kijazi. Nimeiona tarehe na jina la shahidi. Nimesaini kuahirisha. Barua yako ya kusimamishwa kazi nimeisaini pia, usinione mbaya. Zuhura anakusalimu.

Aliusoma mara mbili, akafumba macho kwa ajili ya mwanamke aliyelala amekaa.

Chini ya ujumbe, Jumla ilikuwa imetuma ripoti yake ya alfajiri, haijui kwamba Subilaga si mtu wake tena. Mshiriki 061, amefariki, imethibitishwa. Kifo cha pili: sitini na tatu kwa mia. Namba hiyo haingesogea tena, kwenda juu wala chini. Gwakisa hakuwa na bangili, na mtu asiye na bangili Jumla haikuwa na la kumwongezea. Daktari wa wilaya angefika saa nne, na moyo uliotulizwa miaka miwili ungeweza kukumbuka kazi yake au usikumbuke. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, Subilaga alikuwa hajui kama watu wengine wote wasivyojua.

Mama alikuwa ameamka zamani. Alikuwa amewasha moto, amemimina chai kikombe cha bati cha mumewe, na amesimama katikati ya jikoni, kichwa amekiinamisha upande wa ukumbi. Saa ya ukutani ilifika kumi na mbili.

Hakuna kilichoita. Mama aliendelea kusikiliza. Midomo yake ilitamka maneno yale bila sauti, umeamkaje, ikangoja, na chai ikawa inapoa. Subilaga hakuthubutu kusogea. Mlango wa chumba cha Gwakisa ulikuwa umefungwa tangu jana, na hapo ndani hapakuwa na kikohozi wala mguno wa kitanda. Dakika moja ikapita. Ikapita ya pili. Alijikuta anahesabu, na alipofika mia moja aliacha kwa sababu hakutaka kujua anahesabu kuelekea wapi.

Kitasa kilizunguka. Kijana alitoka ameshika ukuta, bila koti, na shati lake la zamani la mpira limemning'inia mwilini. Alimpita mama, akasimama juu ya mkeka wa dada yake, akahema, akatafuta sauti ambayo ilikuwa haijatumika miaka miwili.

"Shikamoo, dada," alisema.